Barua yenye kasheti: namna ya kuandika barua ya koperative na kuhakikisha imefika



Wengi wenu munajua habari hii. Mavuno yamefika, koperative inatoa bidhaa kwa mnunuzi, naye anatoa sehemu ya franga na kusema: "Mabaki nitaleta mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unapita. Telefoni inalia, hakuna anayeitika. Prezida anapanda motari mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara anaambiwa: "Patron hayuko, mupite kesho." Mwaka unaofuata mkutano mkuu unachagua kamati mpya, na kamati mpya inauliza: Zilikuwa kilo ngapi? Kwa bei gani? Nani alikuwepo siku ile? Kila mtu ana jibu lake. Karatasi hakuna. Deni linakufa namna hiyo, na wanaopoteza ni wale wale waliobeba magunia kichwani.

Barua haigeuzi mdanganyifu kuwa mtu mwema. Lakini inafanya kazi moja ambayo maneno ya mdomo hayaiwezi: inabaki. Prezida akifa, akihama ama akimaliza muhula wake, barua iko ndani ya kartable ya koperative na inasema kile ilichosema siku ya kwanza.

Katika toleo hili tunaangalia namna ya kuandika barua ya kazi na namna ya kuituma. Jambo kubwa mukumbuke ni hili: kazi ya barua haiishi pale munapotia sahihi. Inaisha pale kopi yenu inaporudi nyumbani ikiwa na tarehe, jina na sahihi ya aliyeipokea.

KWA NINI BARUA, WAKATI TUNA TELEFONI?

Telefoni ni nzuri kwa kuulizana habari, kupatana siku ya kukutana, kuuliza bei ya soko. Endeleeni kupiga. Lakini telefoni inaibiwa, inaanguka ndani ya maji, namba inabadilishwa. Tena watu wawili wakizungumza, kila mmoja anarudi na yale aliyotaka kusikia.

Kuna pia sababu ya sheria. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika sheria za OHADA, zinazotumika kwa biashara katika nchi nyingi za Afrika. Ndani yake kuna njia ya haraka ya kudai deni mbele ya tribinale, ile Kifaransa kinaita injonction de payer. Njia hiyo inataka deni liwe na mambo matatu: liwe la hakika, liwe na hesabu inayojulikana, na muda wake wa kulipwa uwe umefika. Angalieni vizuri mambo hayo matatu. Ni yale yale ambayo barua nzuri inasema: tulikupatia nini, ni franga ngapi, na ulipaswa kulipa siku gani. Hata kama hamufikiri kwenda tribinale, andikeni kila barua ya deni kama vile siku moja juge ataisoma. Mnunuzi naye ataona kwamba anaongea na watu wanaojua wanachofanya.

MASWALI MANNE MBELE YA KUSHIKA BIKI

Kamati ikae pamoja, hata dakika kumi na tano, na ijibu maswali haya. Sekretere aandike majibu kwenye karatasi ya kutupa.

1. Tunamwandikia nani? Andikeni kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua, kwa cheo chake. Barua iliyoandikwa "kwa wahusika wote" haina mwenyewe, na hakuna atakayeijibu.

2. Tunataka afanye nini? Jibu liwe sentensi moja. "Alipe dola 2.100." "Atume agronome kuangalia mihogo yetu." Kama jibu ni sentensi tano, kuna barua tano ndani yake. Barua moja, jambo moja. Mukichanganya deni la mahindi na ombi la mbegu na malalamiko juu ya mizani, atajibu lile lililo rahisi kwake na kuacha mengine.

3. Tuna ushahidi gani? Bordero ya kutoa bidhaa, resi, fakture, mapatano, ujumbe wa M-Pesa ama Airtel Money wenye namba ya malipo. Tafuteni karatasi hizo kwanza. Musiandike hesabu kutoka kichwani.

4. Siku gani ya mwisho? "Haraka iwezekanavyo" si siku. "Mbele ya tarehe 5 Agosti" ni siku.

VIPANDE VYA BARUA

Barua ya kazi ina vipande vyake, na kila kipande kina sababu.

Juu kabisa ni jina la koperative na aina yake. Sheria ya OHADA ya koperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa Desemba 2010, inatambua aina mbili: koperative nyepesi, SCOOPS, inayoanzia wanamemba 5, na koperative yenye baraza la uongozi, COOP-CA, inayoanzia wanamemba 15. Andikeni aina yenu karibu na jina, pamoja na namba ya kuandikishwa, makao na telefoni. Mtu wa biro akiona mistari hiyo, anajua anajibu koperative yenye kutambulika, si kikundi cha watu wa barabarani.

Chini yake weka mahali na tarehe. Mwezi uandikwe kwa jina lake. Ukiandika 5/8 kwa haraka, na wino ukaguswa na maji ya mvua, hakuna atakayejua kama ni 5/8 ama 5/3.

Kisha namba ya barua. Barua ya kwanza ya mwaka ni 001, ya pili 002, na mwaka nyuma yake. Namba hiyo inasaidia pande zote mbili: mukiuliza kwa telefoni, munasema "barua yetu namba 014" na hakuna kubishana ni barua gani.

Kisha jina la cheo cha yule munayemwandikia na mji wake. Halafu mstari mmoja unaosema barua ni juu ya nini. Kwa barua za Kifaransa mutaona neno Objet ama Concerne. Mstari huo ni wa maana sana. Chefu wa biro anapokea barua nyingi, na wakati mwingine anasoma mstari huo tu mbele ya kuamua ni nani ataishughulikia.

Mwili wa barua una aya tatu ama nne fupi: kilichotokea, hesabu inasema nini, tunaomba nini na mbele ya siku gani, kisha neno la heshima. Chini ni sahihi, majina kamili, vyeo na kasheti. Mwisho kabisa ni orodha ya karatasi zilizoambatanishwa, na kama kuna watu wengine wanaopata kopi, majina ya vyeo vyao.

MFANO MMOJA

Tuchukue koperative moja upande wa Moba, jimbo la Tanganyika, ambako mahindi hupakiwa kwenye mashua kwenda Kalemie. Mnunuzi wa Kalemie alichukua mahindi, akalipa sehemu, akanyamaza. Barua yaweza kuwa hivi:

Koperative ........, SCOOPS
Namba ya kuandikishwa: ........
Makao: kijiji ........, teritware ya Moba, jimbo la Tanganyika
Telefoni: ........

Moba, tarehe 15 Julai 2024

Namba yetu: 014/2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa depo ........
Kalemie

Juu ya: Kuomba mabaki ya dola 2.100 ya mahindi ya tarehe 3 Juni 2024

Bwana Mkurugenzi,

Tarehe 3 Juni 2024 koperative yetu ilikupatia, kwenye bandari ya Moba, mahindi makavu kilo 8.000, yaani magunia 80 ya kilo 100, kwa bei ya dola 0,40 kwa kilo. Jumla ni dola 3.200 za Marekani. Bordero namba 027, iliyotiwa sahihi na mtumishi wako siku hiyohiyo, inaonyesha hesabu hiyo.

Siku ile tulipokea kwako dola 1.100, kwa resi namba 041. Mabaki ni dola 2.100 (elfu mbili na mia moja). Tulipatana yalipwe mbele ya tarehe 30 Juni 2024. Mpaka leo hatujayapokea.

Tunakuomba ulipe dola 2.100 hizo mbele ya tarehe 5 Agosti 2024, kwa mkono wa mweka hazina wetu na kwa resi ya koperative. Kama kuna kitu katika hesabu hii ambacho hukubali, tunakuomba utuandikie mbele ya tarehe hiyohiyo.

Tunakushukuru kwa biashara tuliyofanya pamoja, na tunatumaini kuiendeleza msimu unaokuja.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zetu za heshima.

Kwa niaba ya koperative,
Prezida (jina, sahihi)
Mweka hazina (jina, sahihi)
Kasheti

Vilivyoambatanishwa: fakture namba 009, kopi ya bordero namba 027, kopi ya resi namba 041.

TUIANGALIE BARUA HIYO

Hesabu imeandikwa kwa kilo, si kwa magunia tu. Gunia la soko moja si gunia la soko lingine, na kopo ndiyo mbaya zaidi. Kilo hazibadiliki.

Jumla ya mabaki imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mtu akiongeza tarakimu moja mbele ya 2.100, maneno "elfu mbili na mia moja" yatamkataa. Tena imesemwa wazi kwamba ni dola za Marekani. Katika nchi yetu dola na franga za Kongo zinatembea pamoja, na bei ya kubadilisha haikai mahali pamoja. Deni la dola likilipwa kwa franga, lazima mujue ni kwa bei ya siku gani.

Angalieni pia sentensi hii: "Kama kuna kitu katika hesabu hii ambacho hukubali, tunakuomba utuandikie." Watu wengine wanaogopa kuiweka, wakifikiri inafungua mlango wa kubishana. Kumbe inafanya kinyume. Kama ana neno juu ya kilo ama juu ya unyevu wa mahindi, mutalijua sasa, si mwaka kesho. Kama hana neno na hajibu, itakuwa vigumu kwake kuja baadaye na kusema: "Mahindi yenu yalikuwa na wadudu."

Sasa linganisheni na barua hii, ya aina ambayo hasira hutuandikisha:

"Bwana, sisi wakulima maskini tunateseka, watoto wamefukuzwa shule, na wewe unakula jasho letu. Wewe ni mwizi. Ogopa Mungu. Tunakupa siku chache, kisha utaona."

Yote hayo yaweza kuwa kweli moyoni. Lakini hamuna kilo ndani yake, hamuna franga, hamuna tarehe. Juge hawezi kufanya chochote na barua hiyo. Tena yule anayedaiwa sasa amepata kitu cha kulalamikia. Sheria ya makosa ya nchi yetu inaadhibu maneno yanayoharibu heshima ya mtu mbele ya wengine, yale Kifaransa kinaita imputations dommageables, na "utaona" yaweza kusomwa kama kitisho. Mwenye deni anageuka kuwa mshitaki, na koperative inaanza kutafuta avoka badala ya kutafuta franga zake. Hasira muiache kwenye karatasi ya kutupa. Barua iwe na hesabu.

KISWAHILI AMA KIFARANSA?

Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Hakuna kitu kinachowakataza kumwandikia mnunuzi, chefu wa grupema ama koperative jirani kwa Kiswahili. Kama ninyi na yeye munafanya biashara kwa Kiswahili, barua ya Kiswahili inaeleweka na inatosha. Kwa biro za serikali, banki na miradi, Kifaransa ndicho kinachozoeleka, na barua yenu itatembea haraka zaidi.

Shauri letu: hata kama barua itatoka kwa Kifaransa, ianze kwa Kiswahili. Kamati iipatanishe kwa lugha ambayo wote wanaisikia, kisha mwalimu ama kijana aliyesoma aigeuze. Nakala ya Kiswahili ibaki kwenye kartable, imefungwa pamoja na ile ya Kifaransa.

Mbele ya kutia sahihi, barua ya Kifaransa isomwe kwa sauti na kuelezwa mstari kwa mstari. Msomaji asiwe yule aliyeiandika. Sahihi ya prezida inafunga wanamemba wote, waliosoma na wasiosoma. Usitie sahihi chini ya maneno ambayo hukuyasikia. Hii haina uhusiano na kumdharau kijana wetu aliyesoma. Ni kumlinda pia, kusudi siku moja asiambiwe kwamba alitudanganya.

Na Kifaransa kiwe chepesi. Barua nyingi za kukopi zina nusu ukurasa wa maneno ya heshima mbele ya kufika kwenye jambo. Salamu moja mwanzoni, moja mwishoni, vinatosha. Ikiandikwa kwa mkono, kwa maandishi yanayosomeka, ni barua kamili. Si lazima kulipa mtu wa ordinatere. Mukienda kwake, someni mbele ya kulipa, hasa namba na majina.

KUTUMA: HAPA NDIPO BARUA NYINGI ZINAKUFA

Katika vijiji vyetu vingi barua haipiti posta. Inapita kwa mkono: kwa motari, kwa mtu wa mashua, kwa dereva wa kamio, kwa mwanamemba anayekwenda kumwona mgonjwa mjini. Si vibaya. Lakini njia hiyo inataka utaratibu.

Tayarisheni nakala tatu zenye sahihi na kasheti. Ya kwanza ni ya yule munayemwandikia. Ya pili inakwenda pamoja nayo na kurudi ikiwa na akize: aliyepokea anaandika juu yake "Imepokelewa", tarehe, jina lake, cheo chake, sahihi yake, na kasheti kama anayo. Ya tatu haitoki kwenye biro ya koperative. Kama yule anayebeba ataanguka majini pamoja na barua zote mbili, bado munayo moja.

Koperative iwe na kaye ya barua. Kaye ya kawaida ya shule inatosha. Chora mistari na uandike juu: namba, tarehe ya kutoka, kwa nani, juu ya nini, nani ameibeba, tarehe ya kupokelewa, jina na sahihi ya aliyepokea, jibu. Upande wa nyuma wa kaye ileile ni kwa barua zinazoingia. Mtu anayebeba barua naye atie sahihi siku anayoichukua. Wakati anajua jina lake limeandikwa, barua haisahauliwi ndani ya mfuko wa koti.

Mkifika kwenye depo ama biro, sentinele ama sekretere anaweza kusema: "Iache hapo, nitampa." Mwambie kwa upole: "Sawa mama, ama sawa papa, nisaidie tu kutia sahihi hapa kwamba nimefika, wasinidai kule kijijini." Watu wengi watakubali ukisema hivyo. Hawatii sahihi kwamba wanakubali deni. Wanatia sahihi kwamba karatasi imefika. Waelezeni tofauti hiyo.

Akikataa kabisa, musigombane. Acheni barua, kisha papo hapo andikeni juu ya kopi yenu: "Imeachwa tarehe fulani, saa fulani, mikononi mwa fulani wa cheo fulani, amekataa kutia sahihi." Aliyebeba atie sahihi, na shahidi mmoja aliyeona naye atie. Ndiyo maana kwa barua nzito ni vizuri kwenda wawili.

Siku hiyohiyo pigeni picha ya barua na kuituma kwa WhatsApp kwa mwenyewe, na maneno mafupi: "Bwana Mkurugenzi, barua yetu namba 014 imeachwa leo kwenye depo yako." Picha haichukui nafasi ya akize, lakini inamtoa mtu kwenye kusema "sikuiona". Mtumieni kwa telefoni inayojulikana kuwa ya koperative, na msifute mazungumzo hayo.

KAMA HAKUNA JIBU

Barua ya kwanza ni ya ukumbusho, na lugha yake ni ya watu wanaotaka kuendelea na biashara. Musitume kopi kwa mtu mwingine yeyote. Mnunuzi anaweza kuwa na shida ya kweli: mashua ilichelewa, yeye naye hakulipwa. Ukimpelekea kopi kwa administratere wa teritware siku ya kwanza, umemwaibisha, na mtu aliyeaibishwa halipi haraka.

Tarehe mulioweka ikipita, andikeni ya pili katika muda wa juma moja. Iwe fupi. Itaje namba na tarehe ya barua ya kwanza, siku ilipopokelewa, na mabaki. Hapa munaweza kupendekeza kulipa kwa vipande, mkiandika kila kipande na tarehe yake. Akikubali, akubali kwa maandishi: karatasi ambamo yeye mwenyewe anaandika "nina deni la dola 2.100" ina nguvu kuliko barua zenu zote.

Ya tatu ni barua ya onyo, ile Kifaransa kinaita mise en demeure. Inasema wazi kwamba ni ya mwisho, inataja barua mbili zilizotangulia, inatoa muda wa mwisho, na inasema kitakachofuata: tutapeleka jambo hili mbele ya tribinale. Hapa kopi kwa wengine zina maana. Kama mnaweza, ipelekeni kwa mkono wa huissier. Analipwa kwa kazi hiyo, lakini karatasi yake ya kuonyesha kwamba barua imefika ni vigumu kuikanusha. Musiandike "tutakupeleka tribinale" kama kamati haijaamua kweli. Onyo lisilofuatwa na kitu linamfundisha mnunuzi kwamba munaongea tu.

BARUA NYINGINE ZINAZOTUHUSU

Utaratibu ni uleule kwa barua zingine. Chukueni mbegu mbaya. Mukinunua mbegu na hazikuota, musitupe mfuko wala etiketi. Mbegu zilizothibitishwa zina etiketi yenye jina la aina, namba ya lote na alama ya SENASEM, ofisi ya taifa ya mbegu. Barua yenu iseme aina, namba ya lote, kilo, tarehe ya kununua, tarehe ya kupanda, na ni mbegu ngapi zimeota kati ya 100 mulizozihesabu mbele ya agronome. "Mbegu zenu ni mbaya" haisemi kitu. "Kati ya mbegu 100, zimeota 38" inasema yote.

Na fanyeni haraka. Katika uuzaji kati ya wafanya biashara, sheria ya OHADA inampa mnunuzi mwezi mmoja tu tangu kupokea bidhaa kulalamika juu ya kasoro inayoonekana kwa macho, na mwaka mmoja kwa kasoro iliyofichika, tangu siku ilipoonekana. Hata pale ambapo mauzo yenu si ya namna hiyo, barua ya juma la kwanza ina nguvu kuliko barua ya mwezi wa sita.

KASHETI NA SAHIHI

Neno la mwisho ni juu ya kasheti. Iwe ndani ya sanduku lenye funguo, na mwenye funguo asiwe yule mwenye kutia sahihi peke yake. Statuti yenu inasema nani anatia sahihi kwa niaba ya koperative; ifuateni. Kwa barua za franga, sahihi mbili ni bora kuliko moja.

Musitie kasalama chini ya karatasi nyeupe, hata kama prezida anasafiri, hata kama ni "kwa kusaidia kazi iende haraka". Karatasi nyeupe yenye sahihi na kasheti yaweza kuandikwa chochote juu yake: mkopo, kuuza shamba la koperative, kukubali kwamba deni limekwisha lipwa. Kama prezida anasafiri, amwandikie makamu wake barua ya kumpa ruhusa, yenye namba na tarehe kama nyingine zote.

MBELE YA KUFUNGA ANVELOPE

Sekretere aulize, na kamati ijibu:

– Jina la koperative, namba ya kuandikishwa na telefoni viko juu?
– Tarehe na namba ya barua ziko?
– Imeandikwa kwa mtu mwenye kuamua?
– Mstari wa "Juu ya" unasema jambo moja tu?
– Kilo, bei, jumla na mabaki vinalingana na bordero na resi?
– Jumla iko kwa tarakimu na kwa maneno, dola ama franga?
– Kuna siku ya mwisho?
– Mtu ambaye hakuiandika ameisoma kwa sauti?
– Sahihi, majina, kasheti?
– Kopi za ushahidi zimewekwa, na za asili zimebaki kwetu?
– Nakala tatu ziko? Imeandikwa kwenye kaye? Nani anaibeba?

Kwenye mkutano ujao wa kamati, nunueni kaye moja, mpige mistari, na muandike ndani yake madeni yote ambayo bado mnadai, hata ya msimu uliopita. Kisha chagueni moja, lile lenye bordero na resi kamili, na muliandikie barua namba 001. Kopi ikirudi na akize, iwekeni mahali ambapo kamati itakayowafuata itaikuta.